Hasira Yangu Ilijua wa Kumwonea

Niliinua mkono kuchukua sufuria juu ya kabati, na mwanangu akajikinga uso.

Hakusema neno. Alikuwa amesimama pembeni yangu akimenya viazi. Mkono wangu ulipopanda tu, bega lake likapanda hadi sikioni, kiwiko kikaja mbele ya macho, kisu kikaanguka sakafuni. Alipoona nimeshika sufuria, akainama, akaokota kisu, akaendelea kumenya. Ana miaka tisa. Mimi nilibaki nimesimama na ile sufuria mpaka maji yaliyokuwa jikoni yakafurika na kuanza kuzima makaa.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya akina mama wa kanisani kwetu nikifundisha tunda la Roho. Zamu ilikuwa yangu. Niliwasomea Wagalatia 5:22 na 23, neno kwa neno: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Kwenye uvumilivu nilikaa sana, nikatoa mifano, watu wakaitikia amina. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kunitilia shaka. Kanisani mimi ni mpole. Kazini mimi ni mpole. Wakwe zangu wananisifia kwa majirani kwamba walipata mtoto, si mkwe. Mwenye habari tofauti alikuwa huyu wa miaka tisa, na habari hiyo alikuwa ameibeba begani.

Ninafanya kazi ya keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya, si mbali na Mwanjelwa. Tunauza saruji, nondo, mabati, rangi, misumari ya kupima kwa kilo. Ni kazi ya kusimama na ya kusemwa. Mteja akikuta bei imepanda anakusema wewe, fundi akikuta bati limepinda anakusema wewe. Jioni tunafunga hesabu. Alhamisi ya wiki iliyotangulia, hesabu ilipelea shilingi 38,000. Bosi hakuuliza imekuwaje. Alisema mbele ya wabebaji wa saruji na wateja wawili kwamba humu dukani kuna mtu anasomesha watoto kwa hela isiyo yake, kisha akaniambia nitakatwa mwisho wa mwezi. Nikajibu, "Sawa bosi, samahani." Nilijibu kwa sauti ya chini, mikono nyuma. Hata uso sikuukunja.

Kutoka pale hadi nyumbani ni daladala moja na kipande cha mlima. Nilipofika, binti yangu alikuwa anamchemshia mdogo wake maziwa ili nikirudi nikute hilo limekwisha. Sufuria ikamponyoka mbele yangu. Nusu lita yote ikaenda sakafuni.

Nilimpiga kwa mwiko wa ugali. Sikuhesabu mara ngapi. Ninachokumbuka ni maneno niliyokuwa nayasema: "Mnanionaje? Mnanionaje nyie? Mnadhani mimi mjinga?"

Mbele yangu palikuwa na mtoto mmoja.

Lile "nyie" nililisikia upya siku ya sufuria, usiku, wote wakiwa wamelala. Baba yao ni dereva wa malori, njia ya Tunduma na Dar, na wiki ile alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani. Nilikaa peke yangu nikijiuliza nilikuwa namwambia nani. Jibu halikuhitaji maombi ya kufunga. Yule niliyetaka kumwambia nilikuwa nimemjibu "sawa bosi, samahani" saa mbili kabla.

Sisi wenye hasira tuna maneno yetu ya kujitetea. Tunasema, mimi nina hasira za karibu. Tunasema, ni za ukoo, hata babu alikuwa hivihivi. Tunasema, zikinipanda sijitambui. Na mimi nilikuwa nayasema, tena nikiyaamini. Lakini hasira ya kutojitambua ingemrukia bosi palepale kaunta. Haikumrukia. Ilimtambua vizuri sana, ikajua ndiye anayeshika mshahara wangu, ikamwinamia. Ikapanda nami kwenye daladala, ikamtambua kondakta aliyenizungushia chenji, ikanyamaza tena kwa sababu kondakta naye ana mdomo. Ikangoja mpaka ifike mahali penye mtu ambaye hawezi kunifukuza kazi, hawezi kunirudishia tusi, na ambaye kesho atanipenda tu. Hapo ndipo ikadai kwamba haizuiliki.

Hilo ndilo lililonivunja, kuliko hata kile kiwiko. Kumbe muda wote niliweza.

Ukisoma Marko 3 utamkuta Bwana Yesu mwenyewe akiwa na hasira, na imeandikwa wazi, haikufichwa. Ni siku ya sabato, ndani ya sinagogi, na kuna mtu mwenye mkono uliopooza. Wakubwa wa dini wanamvizia Yesu waone kama atamponya, wapate la kumshitaki. Anawauliza swali, wananyamaza. Mstari wa 5 unasema aliwakazia macho pande zote kwa hasira, akiona huzuni kwa ajili ya ugumu wa mioyo yao. Kisha anamwambia yule mtu anyoshe mkono, na mkono unapona. Niliusoma mstari huo mara nyingi wiki ile. Hasira ya Yesu iliwaelekea wenye nguvu, na ilipoisha, mnyonge aliondoka na mkono mzima. Yangu ilimwacha mwenye nguvu ameketi kwenye kiti chake, ikamwendea mnyonge, na mnyonge akaondoka na alama za mwiko.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapeleka jambo hili kwenye maombi, na nitalisema kwa heshima kwa sababu walioniombea waliniombea kwa upendo. Niliambiwa nina roho ya hasira, nikawekewa mikono, pepo akakemewa. Nililia, nikajisikia mwepesi. Usiku uleule nilimfokea mtoto kwa sababu ya soksi. Nikarudi tena kuombewa, na mara ya tatu. Siamini kwamba Mungu alikuwa hanisikii. Naamini alikuwa anangoja nigeuze ukurasa niliokuwa nimeushika. Juu kidogo tu ya tunda la Roho, mistari ya 19 hadi 21, kuna orodha ya matendo ya mwili, na hasira imo humo, katikati ya wivu na fitina. Paulo hakuiita pepo. Aliiita tendo, na mtenda ni mimi. Pepo anatolewa na mwingine. Tendo langu naliacha mwenyewe, kwa msaada wa Mungu, siku baada ya siku, na huo msaada ndio nilikuwa siutaki kwa sababu unachelewa. Nilitaka hata uvumilivu niupate upesi.

Kanisani kwetu kuna mama mmoja mtu mzima, nesi mstaafu, si msemaji sana. Nilimfuata nyumbani kwake Jumamosi. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda, nikamweleza yote bila kupunguza mwiko. Nilitegemea anipe mistari. Akauliza, "Mwanangu, na mama yako umeshamlilia?"

Mama yangu alifariki mwaka uliopita. Tulimzika kwao Tukuyu, mvua ikinyesha, udongo mwekundu umetushika mpaka magotini. Kazini nilipewa siku tatu. Nilikuwa mkubwa wa nyumba, kwa hiyo msibani nilikuwa wa kuhesabu sufuria, kupokea rambirambi, kuhakikisha wageni wamekula. Siku ya nne nilikuwa kaunta nikiuza misumari. Sikulia. Watu wakasema nina moyo wa subira, nami nikakubali.

Yule mama akafungua Hesabu 20 akanipa nisome mwenyewe. Ile habari ya Musa na mwamba naijua tangu Sunday school. Watu wana kiu, wanalalamika, Mungu anamwambia Musa auambie mwamba utoe maji, Musa badala ya kusema na mwamba anawafokea watu, "Sikieni sasa, enyi waasi," anainua mkono wake, anaupiga mwamba mara mbili. Na kwa hilo hakuingia Kanaani. Lakini yule mama hakunianzishia hapo. Alinianzishia mstari wa kwanza, ambao sijawahi kusikia ukihubiriwa: wana wa Israeli wanafika Kadeshi, Miriamu anakufa huko, anazikwa huko. Mstari wa pili, hakuna maji, na watu wanamjia juu Musa.

Hakuna matanga kati ya mistari hiyo miwili. Dada yake Musa, yule ambaye wengi tunaamini ndiye aliyesimama mbali kando ya mto kukitazama kisafina chenye mtoto, amewekwa kaburini, na mstari unaofuata watu wanataka maji. Na Musa huyu ndiye ambaye sura ya 12 ya kitabu hichohicho inamwita mpole kuliko wanadamu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi. Simtetei, Mungu alimhesabia kosa na mimi nani nimfutie. Ila nilipofika pale kwenye mkono ulioinuliwa, nilishindwa kuendelea kusoma. Nililia kwa yule mama hadi jioni, na aliyeliliwa hakuwa Musa.

Jambo lingine la mwamba ule, ambalo nimelitafakari baadaye: maji yalitoka. Mengi, watu wakanywa na mifugo yao. Hapo ndipo penye mtego. Hasira inazaa matokeo. Ukifoka, sebule inanyamaza. Ukipiga, daftari linafunguliwa na sakafu inapigwa deki. Unaona imefanya kazi, unaitumia tena kesho. Yakobo, katika waraka wake, hasemi hasira haifanyi kitu. Anasema hasira ya mwanadamu haiitendi haki ya Mungu. Maji yanaweza kutoka na haki isitendeke.

Kuhusu njaa nitasema kwa ufupi, japo kwangu ilikuwa kubwa. Nilikuwa siendi kula mchana ili nibane matumizi. Chai asubuhi, basi, hadi saa moja usiku. Eliya alipokaa chini ya mretemu akitaka kufa, malaika hakuanza na mafundisho. Alimgusa akamwambia ainuke, ale. Akala, akanywa, akalala tena, akaamshwa akala tena, ndipo safari ikaendelea. Sasa nakula saa saba, hata kama ni chapati na maharage. Nimeona tofauti ambayo mikesha haikunipa, na sioni kama ni dhambi kulisema.

Sasa turudi kwa bosi, maana kama hasira ilianzia kwake, kuwatunza watoto wangu kulinidai nirudi pale ilipoanzia.

Miaka yote niliuelewa vibaya mstari mmoja. Mithali 15:1, "Jawabu la upole hugeuza hasira." Mimi nilisoma upole, sikusoma jawabu. Nilidhani Mkristo mvumilivu ni yule anayenyamaza. Lakini kimya changu hakikuwa kimegeuza chochote. Kilikuwa kimeifungia hasira kwenye mkoba na kuipeleka nyumbani. Andiko linataka jawabu, yaani useme. Linataka tu useme kwa upole.

Aliyenifundisha namna ya kusema ni Abigaili, mke wa tajiri Nabali, 1 Samweli 25, na sijui kwa nini mwanamke huyu hatumhubiri zaidi. Daudi amelinda mifugo ya Nabali nyikani, anatuma vijana kuomba chakula kwa adabu, Nabali anawatukana: Daudi ni nani, na mwana wa Yese ni nani? Daudi anawaambia watu wake wajifunge panga. Watu 400 wanashuka naye, 200 wanabaki na vyombo. Na ameapa kwamba kufikia asubuhi hatamwachia Nabali hata mwanamume mmoja nyumbani mwake. Sikiliza hapo. Aliyetukana ni mmoja. Wanaokwenda kuuawa ni wachungaji na watumwa, akiwemo yule kijana aliyemkimbilia Abigaili kumwambia kwamba watu wa Daudi walikuwa wema kwao, ukuta kwao usiku na mchana. Angekufa shahidi wake mwenyewe. Hasira ya Daudi nayo ilikuwa imekwisha kusahau imetoka kwa nani.

Abigaili anafanya haraka. Mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, nafaka ya kukaanga, vishada 100 vya zabibu, mikate 200 ya tini, vyote juu ya punda. Anatanguliza chakula, na wanaume 400 wenye njaa wanakiona kabla ya kumwona yeye. Anashuka, anainama, anasema. Hamwambii Daudi kwamba hana haki ya kukasirika. Anamkumbusha kesho yake: Bwana atakapokuwa amekufanya mtawala, usiwe na donda moyoni la damu uliyoimwaga bure. Na anaporudi nyumbani anamkuta Nabali kwenye karamu, amelewa chakari. Hamwambii neno hadi kunapambazuka na divai imemtoka.

Alijua saa ya kusema. Mimi nilingoja asubuhi ya siku ya mishahara ipite, nikangoja bosi anywe chai yake, duka likiwa halijachangamka. Nikamwambia, "Bosi, naomba dakika tano. Ile hela ya mwezi huu nimekatwa, sikubishi. Ninachoomba ni tuwe tunafunga hesabu wawili, mimi na mtu wako unayemwamini, na kila kinachotoka stoo kiandikwe kwenye daftari kabla hakijapakiwa. Na likitokea la kunisema, naomba uniite ndani." Magoti yalikuwa yananitetemeka nyuma ya kaunta. Alinitazama, akasema nimeanza kujiona. Wiki nzima hakuniitikia salamu. Wiki iliyofuata akamleta mdogo wake tufunge naye hesabu, na kabla mwezi haujaisha ikaonekana kwamba kuna mali ilikuwa inatoka kwa mkopo bila kuandikwa. Fedha yangu haikurudi. Lakini siku ile niliyosema nilirudi nyumbani mikono mitupu. Sikuwa nimebeba kitu cha mtu.

Hapa lazima niseme neno kwa dada zangu, kwa sababu neno uvumilivu limetumika vibaya juu ya vichwa vya wengi. Kuna mwanamke anapigwa na mumewe, anaambiwa avumilie, ndoa ni msalaba. Abigaili hakukaa ndani akamvumilia Nabali wakati panga zinakuja. Alitoka, akafanya. Kama unapigwa, wewe au watoto, kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kuna namba 116 ya kupiga kwa ajili ya mtoto. Kwenda huko hakupunguzi imani yako hata kidogo.

Na neno kuhusu fimbo. Nilikuwa najificha nyuma ya Mithali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe. Mstari haukuishia hapo. Unamalizia kwamba ampendaye humrudi mapema. Kumrudi ni kumwelekeza arudi njiani. Ule mwiko haukumrudisha mwanangu popote, kwa sababu hakuwa amepotea; alikuwa anachemsha maziwa. Nimeamua fimbo itoke nyumbani kwangu. Wenzangu wengine kanisani hawakubaliani nami, tunazungumza, hatugombani. Ninachojua ni kwamba Wakolosai 3:21 inasema tusiwachokoze watoto wetu wasikate tamaa, na kukata tamaa kwa mtoto nimekuona kwa macho yangu. Kunakaa begani.

Ilibaki kumwomba msamaha. Hapo nilikwepa wiki mbili. Kwa Mungu nilishatubu, tena mapema, maana Mungu haonekani ukimwangalia usoni. Mama mkwe alipojua nia yangu alinionya kwa upendo, "Mtoto haombwi msamaha, mwanangu. Atakupanda kichwani." Kwa kizazi chao ndivyo. Mimi mwenyewe sikuwahi kuombwa msamaha na mtu mzima yeyote, na sikujua maneno yanaanzaje.

Ikawa Juni, shule zimefungwa, baridi ya Mbeya imekaza. Jumapili mchana nilimkalisha kati ya magoti yangu nimsuke, twende kilioni, mistari ya kurudi nyuma. Ni vizuri nilikuwa nyuma yake. Nilipofika mstari wa tatu nikasema, "Mwanangu, siku ile ya maziwa nilikosea. Ulikuwa unanisaidia. Nilikuwa na hasira ya kazini nikaileta kwako. Haikuwa haki. Naomba unisamehe."

Kichwa chake kilitulia kabisa kwenye vidole vyangu. Kisha akauliza, bila kugeuka:

"Ya maziwa tu, au na ile ya daftari?"

Sikuikumbuka ya daftari. Nilijaribu, sikuipata. Nikamwambia, "Na ya daftari."

"Na ile siku ya mvua?"

"Na ya siku ya mvua."

Akanyamaza. Nikamaliza mstari wa tatu, wa nne, wa tano. Kwenye wa sita akasema, "Sawa mama," kama mtu anayeazimwa penseli. Nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka anikumbatie, tulie wote. Nimejifunza kutomdai. Yeye alikuwa na daftari lake, na mimi ndiye niliyeliandika. Kulifuta si kazi ya mchana mmoja.

Tangu hapo nina kituo nje ya geti. Kuna jiwe pale ambapo wapita njia hupumzisha mizigo. Nakaa kabla sijagonga. Nawaza maneno ambayo Mungu alimwambia Kaini kabla hajamuua ndugu yake, uso wake ukiwa umekunjamana: dhambi inakuotea mlangoni. Mlangoni kwangu ni pale. Namwambia Mungu hasira niliyonayo ni ya nani, kwa jina lake: hii ni ya mteja wa mabati, hii ni ya kondakta, hii ni ya baba yao ambaye hapokei simu. Siku nyingine ninakuta si hasira, ni mama yangu tu nimemkumbuka. Zaburi zimenisaidia sana hapo, hasa ile ya 13, "Ee Bwana, hata lini," kwa sababu Daudi anamwambia Mungu usoni bila kupamba, na hakuna mahali alipokatazwa. Mungu ana kifua cha kuzipokea. Mtoto wa miaka tisa hana.

Mwinjilisti mmoja aliwahi kutufundisha kwamba pale Kutoka 34:6 panaposema Bwana si mwepesi wa hasira, Kiebrania chake neno kwa neno ni kwamba ana pua ndefu. Pumzi ya hasira inakuwa na safari kabla haijatoka. Wakati ule nililiandika tu pembeni ya Biblia. Sasa ndilo ninaloomba. Sisi tunasema fulani ana hasira za karibu, na Mungu anasema zake ziko mbali. Naomba zangu zihamie mbali. Zisogee kidogo kila mwaka, kutoka mkononi hadi mdomoni, kutoka mdomoni hadi kwenye lile jiwe nje ya geti.

Bado naanguka. Mwezi uliopita nilimtumia baba yao ujumbe wa sauti wa dakika nne akiwa barabarani Makambako, maneno ambayo dereva wa usiku hapaswi kuyasikia. Nilipiga tena kabla hajafika Iringa kumwomba radhi. Waefeso 4:26 inasema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Lilikuwa limeshakuchwa zamani, lakini nilipiga.

Jumamosi iliyopita nilikuwa uani nafua. Nikasikia kitu kinapasuka ndani, ule mlio wa kioo cha chupa ya chai. Moyo ukanipanda, naukubali, na mikono ikakaza nguo niliyokuwa naikamua. Zamani ningekuta vipande vimefunikwa na kanga chini ya kitanda, na mtoto yuko kwa jirani.

Alitoka mwenyewe. Ameshika mfuniko.

"Mama, chupa imevunjika. Mimi ndiye."

Alisimama hatua mbili kutoka nilipokuwa, mahali ambapo mkono hauwezi kufika. Nilizipima zile hatua kwa macho. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikamuuliza kama amejikata. Akasema hapana. Nikamwambia avae kwanza ndala, nikachukua ufagio, tukaingia ndani.